UZI: Kufuli zima, geti limefungwa, mashine ya boti haimo. Ninunue nini kulinda gereji ya nyumbani?

#1 Mwana_wa_Fuoni
Asalaam alaykum wanajamvi. Nna gereji hapa nyumbani Fuoni, gereji ya kuwekea gari siyo ya mafundi. Ukuta wa matofali, juu mabati, nyuma kidirisha cha nondo. Mbele geti la chuma la mabawa mawili, linafungwa kwa nje kwa tumbuu, kile chuma cha kupitishia kufuli, na kufuli la shaba. Usiku wa kuamkia Jumatatu imeondoka mashine ya boti ya HP 15 aliyotuachia marehemu baba, pamoja na betri la gari. Vespa wameiacha, jenereta wameiacha.

Sasa linalonitoa usingizi ni hili, asubuhi nimeikuta kufuli imefungwa vile vile nilivyoiacha na nimeifungua kwa ufunguo wangu mwenyewe. Geti halina hata mkwaruzo. Funguo ziko mbili tu, mmoja unakaa kwangu na mwengine kwenye kabati la mama. Nna laki tano ya kutengeneza ulinzi. Nimezunguka Darajani mchana kutwa, mmoja ananiambia kamera, mwengine kufuli lenye alamu, mwengine ananambia ng'oa geti lote weka shata la rimoti, ule mlango wa kujikunja juu. Naomba mnishauri, na mwenye kujua wameingiaje aniambie, maana nikinunua kitu bila ya kujua walikopita nitakuwa naziba dirisha mlango uko wazi.

#2 Bi_Kizimkazi
Wa alaykum salaam. Pole sana mwanangu, na kitu cha marehemu kinauma mara mbili. Umeshakwenda kwa sheha na kituoni?

#3 Mwana_wa_Fuoni
Nimekwenda kote bi mkubwa, shukran. Kituoni wameniuliza namba ya mashine, nimeshindwa kuijibu. Natafuta risiti ya baba.

#4 Fundi_Geti
Pole kaka. Mimi nachomea mageti Mwanakwerekwe mwaka wa kumi na nne huu na nakwambia bila ya kuliona, angalia bawaba. Geti likifunguka kwa nje bawaba zinabaki nje, na pini ya bawaba ni kijiti cha chuma tu kimetiwa kwenye bomba. Mtu anakuja na nyundo iliyofungwa kitambaa na msumari mkubwa, anaigonga pini kutoka chini, inapanda, inatoka, bawa linafunguka kwa upande wa bawaba na kufuli liko katikati limefungwa halijui kinachoendelea. Akimaliza anarudisha pini anakwenda zake. Wewe unaamka unaangalia kufuli!

Dawa yake haifiki hata robo ya laki tano yako. Tone la weldi juu na chini ya kila pini, haitoki tena. Halafu kwa ndani unachomea vipande viwili vya nondo kwenye bawa upande wa bawaba, ukifunga geti vinaingia kwenye matundu ya fremu. Hata wakiikata bawaba yote bawa haling'oki. Na ukishachoma paka rangi ya zinki siku ile ile, kwa sababu moto unaunguza ile zinki ya bomba na hewa ya chumvi inaanza kula pale pale kwenye weldi.

#5 KarafuuKavu
Fundi nakuheshimu lakini hapo nakukatalia. Bawa moja la chuma ni zito, watu wawili walinyanyue usiku, walirudishe, pini ziingie sawa gizani, na asisikie mtu? Mie nipo Wete, ami yangu yalimkuta kwenye banda lake na ilikuwa tumbuu. Tumbuu imefungwa kwa boliti mbili na vichwa vyake viko nje, spana namba 13 basi. Wamefungua boliti, tumbuu ikabaki inaning'inia na kufuli lake, wametoa baiskeli mbili na gunia za karafuu, wakazirudisha boliti kwa mkono. Tulijua kwa kuwa moja haikukazwa.

Mwana wa Fuoni hebu shika boliti za tumbuu uzizungushe kwa vidole.

#6 Mzee_wa_Malindi
Vijana, wazee wetu haya waliyamaliza zamani. Nendeni mkautazame mlango wowote wa kuchonga hapa Mji Mkongwe, mlango wa zamani wa kweli. Ukisimama nje huoni bawaba hata moja. Ubao wenyewe una ncha juu na chini zinazozunguka kwenye matundu ya fremu, na komeo liko ndani. Mwizi nje hana cha kugonga wala cha kufungua kwa spana. Sasa siye tumechukua geti la chuma tukaweka kila kitu nje, bawaba nje, tumbuu nje, halafu tunatafuta kufuli la bei.

#7 Jahazi_la_Jioni
Na ile misumari mikubwa ya shaba kwenye milango mzee wangu ilikuwa ya kuzuia wezi?

#8 Mzee_wa_Malindi
Hapana mwanangu. Ile asili yake India, ilitiwa ili ndovu wasiusukume mlango kwa kichwa. Hapa kwetu ikabaki pambo na heshima ya mwenye nyumba. Ndovu wa kuja kusukuma milango Shangani sijawahi kumsikia.

#9 Duka_Mlandege
Nauza vifaa vya ujenzi naomba niseme la kufuli maana limerukwa. Kufuli kubaki zima si ajabu hata kidogo. Kufuli za bei rahisi ndani zina pini ndogo nne tu, na kiwanda kinakata funguo kwa mipango michache, kwa hiyo ufunguo wa kufuli moja unafungua nyengine. Nimewahi kuchukua katoni moja dukani kwangu nikajaribu funguo, ndani ya katoni hiyo hiyo nikapata mbili zinafunguana. Tangu siku hiyo mteja akija anataka kufuli nne nazijaribu mbele yake.

La pili, kufuli nyingi unazibana bila ya ufunguo, ule ulimi wa ndani unasukumwa na springi tu. Kipande chembamba cha kopo la soda kinapita pembeni ya shingo, kile chuma kilichopinda juu ya kufuli, kinausukuma ulimi. Halafu wanaibana tena, kufuli halina alama. Kufuli nzuri ndani zina gololi mbili za chuma zinazoibana shingo kushoto na kulia, zile kopo halizifanyi kitu.

Na ukija kununua njoo na sumaku na tupa, msione haya. Sumaku unaiweka kwenye mwili wa kufuli. Ikinata hiyo siyo shaba, ni chuma kimepakwa rangi ya shaba, mwaka mmoja wa upepo wa bahari itavimba kutu utashindwa hata wewe kuifungua. Kwenye shingo ni kinyume, pale unataka sumaku inate. Halafu piga tupa kidogo upande wa chini wa shingo pasipoonekana. Ikiteleza kama kioo ni chuma kilichokomazwa, ikila ni laini, mkasi wa nondo unaikata kama muwa.

#10 Bi_Kizimkazi
Lakini si wanasema chuma kizuri kwa pwani ni kile kisichoshika kutu, na kile hakinati sumaku?

#11 Duka_Mlandege
Kweli dada, umenishika pazuri. Stenlesi ya 316 ndiyo inayostahamili chumvi kuliko 304, imetiwa molibdeni, mabaharia wanaijua. Ila shingo ya stenlesi ni laini kuliko iliyokomazwa. Kwa hiyo unachagua, mtu wa Nungwi aliye mita hamsini na maji mimi namuuzia stenlesi na namwambia aifiche ndani ya kiboksi cha chuma mkasi usifike. Mtu wa Fuoni ambaye bahari iko mbali kidogo achukue iliyokomazwa, shingo fupi nene, aitie mafuta.

#12 Nahodha_Mstaafu
Mafuta ya nazi tosha.

#13 Fundi_Geti
Nahodha hapana, mafuta ya nazi yanashika vumbi yanakuwa kama gundi, na usiku wa baridi ya kipupwe yanaganda kabisa. Unga wa risasi ya penseli kwenye tundu la ufunguo, na shingo upake mafuta ya cherehani.

#14 Nahodha_Mstaafu
Miaka arubaini natia mafuta ya nazi na kufuli langu linafunguka. Basi tuendelee.

#15 Mwana_wa_Fuoni
Shukran wote, nasoma kila neno. Majibu. Bawaba ni kweli ziko nje, tatu kila bawa. Boliti za tumbuu nimezishika, zote ngumu, zimepakwa rangi pamoja na geti na rangi haijapasuka. Kwa hiyo KarafuuKavu nadhani la ami yako siyo hili. Kufuli nimeliwekea sumaku ya spika mbovu, limenata mwili mzima. Limeniuma, nililinunua nikijua shaba.

#16 Kijana_wa_Bububu
Kaka mimi nakusisitizia jambo moja, usije ukakubali shata la rimoti la bei ya chini. Fungua rimoti utazame ndani, ukikuta vijiswichi kumi vidogo vya kupandisha na kushusha, hiyo namba yake haibadiliki maisha. Vijiswichi kumi ni namba 1,024 tu. Mwaka 2015 Mmarekani mmoja Samy Kamkar alichukua kidude cha watoto cha kuandikiana ujumbe akakigeuza, kikawa kinafungua gereji za namna hiyo chini ya sekunde kumi, na aliyatangaza hadharani ili watu wazinduke. Unayoitaka ni ile inayobadilisha namba kila ukibonyeza. Muulize muuzaji, akibabaika ondoka.

#17 KarafuuKavu
Na umeme ukikatika shata utalivuta kwa meno?

#18 Kijana_wa_Bububu
Yana mnyororo wa kuvuta kwa mkono ndani yakhe. Ila sawa, lazima uwe na mlango mwengine wa kuingilia, na huo mlango mwengine ndo utakaokuwa udhaifu wako.

#19 Mama_wa_Watatu
Mimi nna kamera mbili Kiembesamaki na nawaambia kamera haizuii kitu, inakuonesha tu. Tena usiku wadudu wanakuja pale kwenye kamera, wadudu wanawaita buibui, buibui anatanda mbele ya kioo, na kila upepo ukiutikisa utando simu yangu inalia "kuna mtu". Nilikuwa naamka mara nne. Sasa kila Ijumaa nachukua ufagio mrefu nafuta utando na chumvi kwenye kioo. Usipofuta mwezi mmoja unaona ukungu mtupu.

Na picha zisikae kwenye memori kadi ya ndani ya kamera peke yake, mwizi akiondoka na kamera kaondoka na ushahidi. Weka mashine ya kurikodi ndani ya nyumba, iwe na betri la akiba. Umeme hauaminiki, mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Zanzibar nzima tulikuwa kizani miezi mitatu.

#20 KarafuuKavu
Sema Unguja dada. Pemba hatukuwa kwenye waya ule wenu wa kutoka bara, sisi umeme wetu ulikuwa wa majenereta pale Wesha, waya wa kutoka Tanga umekuja katikati ya 2010. Muwe mnatukumbuka.

#21 Mama_wa_Watatu
Haya Unguja, nisamehe kaka yangu wa Wete. Miezi ile mlikuwa mnatucheka.

#22 Jahazi_la_Jioni
Taa ya senso je? Ndo rahisi kuliko yote.

#23 Kijana_wa_Bububu
Nzuri, lakini ijue inavyofanya kazi. Ile senso haioni mtu, inaona joto linalotembea. Wakati wa kaskazi ukuta umepikwa na jua mchana kutwa, usiku bado una joto linalokaribiana na la mwili wa mtu, basi senso inakuwa kama imesinzia, mtu wa mita nane haimuoni mpaka afike mita tatu nne. Halafu masika usiku wa baridi inawashwa na kila paka. Weka ipate mtu anayekatiza mbele yake, siyo anayeijia moja kwa moja, inashika vizuri zaidi. Na iweke juu, wasiifikie kuizungusha.

#24 Nahodha_Mstaafu
Kuna mlinzi hajatajwa. Kanga. Siyo za kuvaa, ndege. Weka kanga sita uani, usiku akipita mtu wasiyemjua wanapiga kelele mtaa mzima unaamka. Hawataki umeme wala waifai na mayai unakula.

#25 Mama_wa_Watatu
Na jirani aliyefanya kazi zamu ya usiku anataka kulala mchana, naye umfikirie. Kanga wanapiga kelele hata kwa jani lililoanguka.

#26 Jahazi_la_Jioni
Mbwa?

#27 Mzee_wa_Malindi
Hadithi imetoa ruhusa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba, na wa kulindia nyumba wapo maulamaa waliomuingiza humo na wapo waliokataa. Ila siye Mashafii mate yake ni kuosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo, na nyumba za Fuoni zimebanana, watoto wa jirani wanaingia na kutoka. Mwana wa Fuoni amuulize shehe wake msikitini, asituulize siye.

#28 Mtu_wa_Chake
Na mimi niseme linalosemwa pembeni. Kwetu shamba la minazi linakagwa, linatiwa kinga ya uganga, na mtu haibi, anajua kago lipo. Kinga ya kwanza ni hofu. Msije mkacheka, kamera pia kazi yake ni hiyo hiyo, kutia hofu.

#29 Bi_Kizimkazi
Mimi nasema Ayatul Kursi na kufuli la gololi, vyote viwili. Hayo ya kago yaacheni huko huko Pemba.

#30 Mtu_wa_Chake
Bi mkubwa, Makunduchi na Kizimkazi hamna makago? Haya.

#31 Nahodha_Mstaafu
Turudi. Hata akiingia ndani, mashine isitoke. Tia mnyororo wa nanga kwenye zege uifunge mashine na vespa kwa pamoja.

#32 Duka_Mlandege
Fikra ya kufunga kwenye zege nzuri sana Nahodha, ila mnyororo wa nanga usitumie. Ule umepakwa zinki usile kutu lakini chuma chake laini, umetengenezwa kuvutwa siyo kukatwa. Tafuta mnyororo uliokomazwa, pete za milimita 10 kwenda juu, upigie tupa kama nilivyosema. Na usiuache ukalala chini, mkasi unapata nguvu sakafuni, uvute uwe juu juu. Grainda hapo ni hadithi nyengine, grainda ya betri inakata chochote, lakini ina makelele na cheche, usiku Fuoni atasikika.

#33 Fundi_Geti
Mwana wa Fuoni bado hujanijibu la pini.

#34 Mwana_wa_Fuoni
Nimetoka huko sasa hivi nimechukua tochi. Pini za bawa la kushoto zote zimeshikana na kutu, hazijatoka miaka. Bawa la kulia, ya juu na ya kati kutu vile vile. Ya chini kutu yake imekatika duara, kama imezungushwa, na chini yake kwenye saruji kuna unga wa kutu mwekundu kama pilipili ya kusaga.

#35 Fundi_Geti
Si nilisema!

#36 KarafuuKavu
Fundi, pini moja ya chini ikitoka na mbili za juu zipo bawa halifunguki. Umesahau hesabu yako mwenyewe. Hapo labda linavutika kwa chini kiasi cha kupenya betri, mashine ya kilo thelathini na kitu haipiti. Mie sasa naelekea kwa Duka_Mlandege, kopo la soda. Au ufunguo uliofanana.

#37 Kijana_wa_Bububu
Mabati ya nyuma yametazamwa? Misumari ya mabati inang'oka na kurudi.

#38 Jahazi_la_Jioni
Kuitoa mashine juu ya ukuta mnahitaji watu wawili watatu na kamba. Na hao wangeiacha jenereta kweli? Aliyekuja alijua anachokifuata. Samahani kwa ninalolisema ila nani aliijua hiyo mashine imo ndani?

#39 Mwana_wa_Fuoni
Mabati nimeyapanda, misumari yote ina vifuniko vyake vya mpira. Jahazi, hilo nimelifikiria na limenipa homa. Mwezi uliopita nilifungua geti mchana kutwa fundi wa rangi na vijana wake wakafanya kazi, na mpangaji wetu wa chumba cha uani huwa anaazima pampu ya baiskeli, mama anampa ufunguo. Simtuhumu mtu. Mama analia kila likitajwa hilo.

#40 Bi_Kizimkazi
Usimtaje mtu mwanangu mpaka uwe na hakika, dhana imevunja nyumba nyingi. Badilisha kufuli, ufunguo wa akiba utoke kabatini uuweke pengine, na yeyote akitaka pampu wewe mwenyewe umfungulie.

#41 Mama_wa_Watatu
Nakubaliana na bi. Na risiti ya mashine umeipata? Namba iko pia kwenye kibati kidogo pale kwenye mkono unaobana boti, labda kuna picha ya zamani ya baba yupo nayo.

#42 Mwana_wa_Fuoni
Dada Allah akulipe. Nimetafuta picha kwenye simu ya marehemu, ipo moja yuko ufukweni Chukwani anaifunga, nimeikuza, namba tano za mwisho zinasomeka. Kesho asubuhi naipeleka kituoni na kwa sheha.

Pesa nimeigawa hivi. Fundi_Geti anakuja saa mbili kuchoma pini na kutia nondo za ndani, boliti za tumbuu nazo azichome vichwa. Kufuli la gololi moja Duka_Mlandege ataniwekea, nakuja na sumaku yangu na tupa. Mnyororo na pete ya zege kwa ajili ya vespa. Kikibaki kitu taa ya senso. Kamera baadae.

Na walio Mkokotoni, Nungwi, Fumba, Mkoani, na kila penye bandari bubu nawaomba. Mashine ni ya HP 15, kifuniko cha juu upande wa kushoto kina mkwaruzo mrefu uliopinda mwishoni kama herufi ya Kiarabu ya lamu, baba aliigonga kwenye mwamba. Mwenye kuiona asigombane na mtu, anijuilishe tu.

#43 Nahodha_Mstaafu
Nipo Mkokotoni kesho alfajiri mnadani, nitazitazama zote zinazoshuka. Kushoto ukiwa umesimama nyuma ya mashine au umekaa ndani ya boti?

#44 Mwana_wa_Fuoni
Ukiwa umekaa ndani ya boti unatazama nyuma, ami. Upande wa mkono wako wa kushoto.